Mninga hauvimbi hivyo: kisa cha madirisha yaliyokwama katika nyumba moja ya Tabora

Nyumba yenyewe iko pembezoni mwa Tabora mjini, upande ambao ardhi inateremka kuelekea mbugani. Imejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo na kuzibwa kwa saruji upande wa nje, ina linta ya zege iliyozunguka kuta zote, na juu bati. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayeishi na wajukuu wake wawili. Madirisha ya nyumba kubwa ni ya mbao, kila moja na mashata mawili, yaani vipande vinavyofunguka na kufungwa, yanayofungukia nje. Chumba kilichoongezwa nyuma miaka ya karibuni kina dirisha la alumini la kusukuma.

Aliniita Februari, mvua zikiwa zimekolea. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: yaliyofungwa hayafunguki, yaliyofunguka hayafungiki. Dirisha la chumba chake cha kulala halikuwa limefunguliwa tangu mvua zilipoanza Novemba, na chumba kilinuka unyevu hadi kwenye nguo. Dirisha la wajukuu lilikuwa kinyume chake, lilibaki wazi kona ya juu usiku kucha, na mbu wakaingia tangu magharibi. Watu wengi huvumilia dirisha bovu kama wanavyovumilia kiti kinacholialia. Mimi siwezi kulikubali hilo. Katika mkoa wenye malaria, shata lisilofungika ni jambo la afya, na chumba kisichopitisha hewa miezi minne ni jambo la afya pia.

Kabla yangu alikuwa amekuja fundi mwingine. Yeye aliangalia mara moja akatoa hukumu: mbao zimenywa mvua, zimevimba, kwa hiyo mashata yote yang'olewe, yapigwe randa nusu sentimeta kila upande, yarudishwe. Dirisha la wajukuu alikuwa ameshalifanyia hivyo mwaka uliotangulia. Mwalimu alitaka niendeleze kazi hiyo hiyo.

"Fundi, wewe piga randa tu. Mbao imevimba, hata mtoto anaona."

"Sawa mwalimu, randa ninayo. Ila naomba kwanza niyaangalie moja moja, kwa sababu ukishaiondoa mbao huirudishi."

Sababu ya kusita kwangu ilikuwa rangi ya mbao pale ambapo rangi ya mafuta ilikuwa imebanduka. Mashata yote ya nyumba kubwa, isipokuwa ya wajukuu, yalikuwa ya mninga. Nyumba ilijengwa wakati ambapo mninga wa misitu ya miombo ya Tabora ulikuwa bado unapatikana bila shida, na seremala wa wakati ule hakuwa na sababu ya kutumia kitu kingine. Leo mti huu unakua polepole kuliko tunavyoukata, kuuvuna kunahitaji kibali, na bei yake imewafanya watu wengi wahamie kwenye paini inayoletwa kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Kwa hiyo shata la zamani la mninga ni mali. Kulipunguza bila sababu ni kuharibu kitu ambacho mwenye nyumba hataweza kukinunua tena kirahisi.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonifanya nisiamini hukumu ya kuvimba. Mninga ni miongoni mwa mbao zilizotulia zaidi tulizo nazo. Ukishakauka vizuri, mvua na kiangazi huusogeza kidogo sana kwa upana, na kwa urefu hausogei kwa kiasi cha kuonekana. Mbao zote husogea kwa upana wa nyuzi zake wala si kwa urefu, lakini zinatofautiana sana kwa kiasi. Mkaratusi hupindapinda hadi unachukiza, paini husogea kwa kiasi cha kati, mninga hutulia. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliupenda kwa milango na madirisha, si kwa uzuri wa rangi yake peke yake. Dirisha la mninga lililofanya kazi vizuri kwa miaka mingi likianza kukwama, kuvimba kunapaswa kuwa jibu la mwisho unalolifikiria, baada ya mengine yote kushindikana.

Uchunguzi hauhitaji chombo cha gharama. Nilimwomba mwalimu chaki, naye alikuwa nazo za rangi katika boksi la zamani. Unasugua chaki kwenye ukingo wa ndani wa fremu pande zote nne, unafunga shata mpaka linapokataa, kisha unalifungua na kutazama chaki imehamia wapi. Pale ilipohamia ndipo panapogusa. Baada ya hapo unapitisha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili kwenye mwanya kuzunguka shata lote. Inapopita kwa uhuru kuna nafasi, inapokwama hakuna. Mwisho unapima fremu kwa uzi kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikiwa sawa, fremu bado ina pembe zake. Ikitofautiana, tatizo halipo kwenye shata, limetoka ukutani.

Dirisha la chumba cha kulala cha mwalimu lilijieleza lenyewe. Chaki ilihamia mahali pawili tu kwa kila shata: kona ya juu upande wa katikati, mashata yanapokutana, na kona ya chini upande huo huo, inapoburuta juu ya kizingiti. Mahali pengine pote chaki ilibaki kama nilivyoipaka, na karatasi ilipita bila kizuizi upande wa bawaba. Sasa fikiri. Mbao ikivimba huongezeka upana wake wote, kutoka juu hadi chini, na alama ingeonekana kama mstari mrefu ukingoni. Alama mbili za kona zinasema kitu kingine kabisa: shata limeinama. Upande wake usio na bawaba umeshuka, hivyo kichwa kimeegemea shata la jirani na mguu umekaa juu ya kizingiti.

Kwa nini liiname? Nilipotazama bawaba, karibu nusu ya skrubu za awali hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na misumari. Nimekutana na hili katika nyumba nyingi, na linanisikitisha kila mara, kwa sababu msumari ukipigwa kwenye tundu la skrubu lililolegea unashika kwa wiki chache tu. Uzito wa shata unaning'inia juu yake kila linapofunguliwa, unauvuta polepole, na tundu linazidi kupanuka. Bawaba zenyewe zilikuwa za bati jembamba, zile zinazouzwa kwa bei ya chini madukani, na pini zake zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba ukishika shata kwa mkono unaweza kulipandisha na kulishusha.

Lakini bawaba peke yake hazikueleza yote. Nilipoweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye kona ya chini ya shata nikaona hata shata lenyewe limepoteza pembe. Kiungo kilikuwa kimeachia, ulimi wa ubao wa chini ulicheza ndani ya tundu lake. Kiungo cha mninga kilichotengenezwa vizuri hakiachii hivi hivi. Nikamuuliza mwalimu huwa analifunguaje dirisha hili.

Akanionyesha. Ndani ya dirisha kuna nondo, na mbele ya nondo kuna wavu wa mbu uliopigiliwa misumari pande zote. Pembeni ya komeo wameacha kitundu cha kupitisha mkono, lakini mkono wa mtu mzima unaingia hadi kwenye kifundo tu. Kwa hiyo mwalimu hufungua komeo kwa vidole, kisha anapitisha mpini wa fagio kwenye uwazi wa chini ya wavu na kusukuma kona ya shata kwa nguvu. Kulifunga humwita mjukuu azunguke nje avute, au asukume kwa goti. Nguvu yote, kwenda na kurudi, ilikuwa inaingia kwenye kona moja ya chini. Kadiri shata lilivyozidi kuinama ndivyo lilivyohitaji kusukumwa zaidi, na kadiri lilivyosukumwa ndivyo kiungo kilivyozidi kuachia.

Hapo ndipo kisa chote cha dirisha hili kilipo. Mvua ilihusika kidogo tu. Kilichoharibu ni mpangilio wa nondo na wavu ambao ulimnyima mwenye nyumba mahali pa kushika. Kama ningepiga randa kona mbili zile, dirisha lingefunguka siku hiyo. Kisha lingeendelea kuinama, na baada ya msimu mmoja ningeitwa tena kupiga randa.

Matengenezo yalifuata mpangilio huo wa sababu. Mashata yalishushwa, viungo vilivyoachia vikafunguliwa, vikasafishwa gundi ya zamani, vikapakwa gundi mpya na kubanwa huku skwea ikiwa kwenye kona. Gundi ilipokauka nilitoboa tundu kupitia kiungo na kupigilia kijiti cha mninga mkavu. Kijiti hicho kinashika ulimi hata gundi ikichoka. Matundu ya zamani ya bawaba kwenye fremu niliyapanua kidogo kwa keekee, nikaziba kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi, kisha nikatoboa upya. Bawaba mpya ni za chuma kinene, skrubu za inchi moja na nusu, zote zikiwa za aina moja. Kwenye mninga toboa kwanza, na paka skrubu sabuni ya mche kabla ya kuifunga, la sivyo itakatika kichwa ikiwa nusu njia.

Shata la kushoto lilibaki limeshuka kama milimita mbili hata baada ya hapo. Tiba yake ni ndogo, nayo mafundi vijana wengi hawajafundishwa: unaweka kipande cha boksi gumu nyuma ya bawaba ya chini, kati ya bawaba na fremu. Mguu wa shata unasukumwa mbali na upande wa bawaba, na kona iliyoinama inapanda. Kama kipande kimoja hakitoshi, weka viwili. Ukiona bado, chimba kidogo kitanda cha bawaba ya juu kwa patasi ili kichwa cha shata kirudi ndani. Chaki ikapakwa tena, na safari hii haikuhamia popote.

Wavu niliubadilisha. Sasa uko kwenye fremu yake ya mbao nyembamba inayoshikwa na vibao vinne vidogo vya kugeuza, na unatoka mzima ukitaka kusafisha. Katikati ya kila shata, kwa kimo ambacho mkono unafika kupitia nondo, nilifunga mkono wa chuma wa kuvutia. Fagio halihusiki tena. Nilimsihi pia mwalimu kuhusu nondo, na ninalirudia kwa kila anayesoma: chumba cha kulala chenye nondo zisizofunguka pande zote kinawafungia watu ndani moto ukitokea mlangoni. Angalau dirisha moja la nyumba linapaswa kuwa na nondo zenye bawaba na kufuli, ufunguo ukining'inia ndani mahali ambapo hata mtoto anaujua na mtu wa nje hawezi kuufikia. Alikubali, na mchomeleaji akafanya kazi hiyo wiki iliyofuata.

Dirisha la sebuleni linalotazama barabara lilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, rangi. Fremu yake ina pembe sawa, bawaba nzima, viungo vimeshika. Lakini chaki ilihamia kwenye ukingo wote, juu hadi chini, na ukiangalia mahali palipochubuka unaona tabaka baada ya tabaka: nyeupe, kahawia, krimu, kijani, na nyingine chini yake. Kila sikukuu ilipokaribia nyumba ilipakwa, na madirisha yalipakwa yakiwa yamefungwa. Mkono mmoja wa rangi ya mafuta ukikauka ni kitu chembamba sana. Mikono kumi kwenye ukingo wa shata pamoja na mikono kumi kwenye fremu inayolitazama inakula karibu milimita moja kila upande. Mwanya wa awali ulikuwa milimita mbili. Ongeza joto la Tabora la Oktoba linalolainisha rangi na kuifanya ing'ang'anie rangi mwenzake, na unapata dirisha lililogandishwa.

Dirisha la namna hii usilitikise kwa nguvu kwanza. Kata mshono wa rangi kwa kisu chembamba kuzunguka shata lote, ndani na nje, ndipo usukume. Kisha shusha shata na ukwangue rangi ukingoni hadi uione mbao, bila kuigusa mbao yenyewe. Hapa ninasisitiza tahadhari moja kwa sababu nyumba ilikuwa na watoto: rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Usisugue msasa mkavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, fanyia kazi nje juu ya turubai, funga pua na mdomo, kusanya takataka zote kwenye mfuko, na osha mikono kabla ya kula. Wajukuu walikaa kwa jirani mchana wote huo. Kingo zikapakwa praima, yaani rangi ya msingi, na mkono mmoja tu wa rangi, na mashata yakaachwa wazi hadi yalipokauka kabisa.

Sasa dirisha la wajukuu, ambalo lilishapigwa randa. Hili ndilo ushahidi wa kile ambacho kingeupata mninga wote wa nyumba.

Mashata yake yalikuwa ya paini. Yale ya awali yaliibwa, mwalimu alisema, na haya yalitengenezwa haraka kwa mbao tatu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu na kupigiliwa mihimili miwili nyuma. Paini kweli husogea. Kutoka mbichi hadi ikauke kabisa, ubao wake uliopasuliwa kufuata duara za mti hupungua upana kati ya asilimia 6 na 8. Ndani ya nyumba haiendi mbali hivyo, lakini tuseme unyevu wa mbao unapanda kutoka asilimia 9 mwisho wa kiangazi hadi 14 katikati ya mvua. Shata la upana wa sentimeta 50 linaweza kuongezeka milimita 5 au zaidi kwa badiliko hilo peke yake. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza aliona kitu cha kweli: mwaka ule, katika dirisha lile, mbao ilikuwa imevimba kwelikweli. Tatizo ni alichofanya. Alipiga randa nusu sentimeta kila upande katikati ya mvua, shata likiwa katika upana wake wa juu kabisa. Kiangazi kilipofika likasinyaa, na mwanya ukawa sentimeta moja na nusu. Mwalimu alisema vumbi la Agosti liliingia hadi kwenye vitanda.

Kuna kosa la pili lililofichika ndani ya lile la kwanza. Baada ya randa, kingo ziliachwa wazi bila rangi. Mbao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake, pale nyuzi zilipokatwa, kuliko usoni. Ukingo wa chini wa shata, ambao hauonekani mpaka uinamie na kutazama kutoka chini au uweke kioo cha kujitazamia, ndio unaopokea mvua iliyoruka kutoka kizingitini, na ndio ambao hakuna mtu anayeupaka. Wengi hupaka mashata yakiwa yameshafungwa mahali pake. Msimu uliofuata shata lilinywa maji chini na kingoni huku uso wake uliokuwa na rangi ukibaki mkavu, likajipinda. Kona ya juu ilisimama nje ya fremu kwa sentimeta mbili, na komeo halikufika tena kwenye tundu lake.

Shata lililojipinda kiasi hicho halirudi. Nilitumia turubai na fremu ya muda ya wavu kuwakinga watoto kwa mvua zilizobaki, kisha nikatengeneza mashata mapya na kuyafunga Juni, mbao zikiwa zimekauka. Nilitumia paini tena, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuinunua, lakini kwa muundo wa fremu na paneli. Hapa kuna siri inayostahili kueleweka. Katika shata la mbao zilizounganishwa, upana wote wa sentimeta 50 unasogea. Katika shata la fremu na paneli, mbao zinazosimama pembeni ni mbili tu za sentimeta 9 kila moja, na ubao wa chini na wa juu umelala kwa urefu, ambao hausogei. Paneli ya katikati inakaa ndani ya mfereji bila gundi, inavimba na kusinyaa humo bila kusukuma chochote. Mwendo wa shata zima unabaki karibu milimita 2. Kingo zote, pamoja na ya chini, zilipakwa praima kabla ya bawaba kufungwa. Mwanya niliouacha ni milimita 4, kwa sababu ilikuwa kiangazi. Ningeyafunga katikati ya mvua ningeacha milimita 2.

Dirisha la alumini la nyuma halikuhitaji maelezo mengi. Reli ya chini ilijaa mchanga na mabaki ya plasta, na mtu alikuwa amepaka grisi juu yake, hivyo mchanga ukawa kama msasa unaokula magurudumu. Shata la alumini hutoka kwa kulinyanyua juu kisha kuuvuta mguu wake kwako. Nilisafisha reli kwa brashi na maji ya sabuni, nikazibua vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na saruji, nikabadilisha magurudumu mawili yaliyokatika, nikarekebisha kimo kwa skrubu ndogo zilizo ubavuni chini. Reli ikaachwa kavu, imesuguliwa mshumaa tu. Grisi na mafuta hayafai mahali penye vumbi.

Lililobaki ni dirisha la sebule la upande wa mbugani, na ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Uzi ulionyesha mishazari ya fremu inatofautiana kwa milimita 17. Kutoka kona ya chini ya dirisha ufa ulishuka kwa mshazari, ukifuata viungo vya tofali kama ngazi hadi karibu na msingi. Ulikuwa na upana wa milimita 4 mahali palipo pana. Mashata yalikuwa mazima, ya mninga, na hayakuwa na kosa lolote.

Udongo wa upande ule ni ule mweusi wa mbugani, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Nyumba ikikaa juu yake kwa usawa inaweza kudumu. Shida inaanza kona moja inapopata maji ambayo kona nyingine hazipati. Bati lilimwaga maji ya mvua yote kwenye kona ile bila mfereji, na maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa pale pale kila siku. Mita chache kutoka ukutani umesimama mwembe mkubwa ambao mizizi yake huvuta maji yale yale kiangazi. Kona ile, kwa hiyo, inalowa kupita nyingine nusu ya mwaka na kukauka kupita nyingine nusu iliyobaki.

Jirani alishauri mwembe ukatwe mara moja. Nilimwomba mwalimu asifanye hivyo. Mti mkubwa ukiondolewa ghafla kwenye udongo wa aina hii, maji uliokuwa unayanywa yanabaki ardhini, udongo unavimba, na ukuta unaweza kusukumwa juu vibaya kuliko ulivyoshuka. Tulianza na maji. Mfereji wa bati ukafungwa kuelekeza mvua mbali na nyumba, maji ya jikoni yakahamishiwa kwenye migomba upande wa pili, na ukuta ukazungushiwa karo la saruji lenye mteremko wa kuelekea nje.

Kisha tukapima. Juu ya ufa niliweka alama mbili za penseli, moja kila upande, na tarehe kando yake. Kipande chembamba cha kioo kiligandishwa kwa saruji kikiuvuka ufa, kwa sababu kioo hakivutiki, ukuta ukisogea kidogo kinapasuka. Mashata hayakuguswa. Moja lilibaki limefungwa, jingine nililirekebisha bawaba tu ili lifunguke kiasi cha kupitisha hewa.

Kioo kilipasuka Septemba. Oktoba ufa ulikuwa milimita 5 na mishazari ilitofautiana kwa milimita 20. Mvua zikarudi Novemba, na kufikia Januari ufa ulikuwa umerudi kwenye milimita 4. Ukuta ulikuwa unakwenda na kurudi kwa msimu, haukuwa unaendelea kushuka. Hapo ndipo nilipochukua randa. Shata la upande wa ufa lilipunguzwa ukingo wa chini kwa mshazari, kutoka sifuri upande wa bawaba hadi milimita 9 upande wa katikati, kwa kufuata fremu ilivyokuwa Oktoba inapobana zaidi. Ukingo ukafunikwa kwa praima na rangi siku hiyo hiyo, na nje nikaweka kibao chembamba cha mninga kinachofunika mwanya unaoonekana wakati wa mvua.

Mwalimu amebaki na rula na penseli. Anapima ufa kila Februari na kila Oktoba na kuandika ukutani. Tumekubaliana kwamba ukivuka milimita 5 na usirudi mvua zikija, au nyufa mpya zikitokea kwenye linta, asiite seremala. Aite mhandisi wa majengo autazame msingi.